Mwavuli na mkono unaoushika

Historia ya mwavuli husimuliwa kwa namna mbili, na kila msimulizi hujifanya kana kwamba ya mwenzake haipo.

Ya kwanza huanzia London katikati ya karne ya 18, pale Jonas Hanway, mfanyabiashara aliyewahi kufika Urusi na Uajemi, alipoanza kutembea na mwavuli siku za mvua. Wakati ule Waingereza waliuona kuwa kitu cha wanawake na cha Wafaransa. Walimzomea barabarani. Waliomchukia zaidi ni wenye magari ya farasi na wabeba viti, yaani waliobeba abiria aliyeketi kitini, maana mvua ndiyo iliyowaletea abiria, na mwenye mwavuli anakwenda kwa miguu yake. Hanway hakuuacha. Alidumu nao karibu miaka 30, na alipofariki mwaka 1786 wanaume wa mji ule walikuwa wameanza kumfuata.

Ya pili ni ya pwani yetu. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Mmoja wa watu wake aliyekuwa akiandika shajara ya safari anaeleza jinsi mfalme alivyokuja kuonana nao akiwa chomboni: joho lenye pindo za atlasi ya kijani, viti vya shaba vyenye mito, siwa mbili, yaani baragumu, za pembe za ndovu zenye kimo cha mtu, na juu ya kichwa chake mwavuli wa duara wa atlasi nyekundu uliofungwa kwenye mti. Nyuma zaidi, mwaka 1331, msafiri wa Moroko Ibn Battuta alimwona sultani wa Mogadishu akipita chini ya vivuli vinne vya hariri za rangi, na juu ya kila kimoja ndege wa dhahabu.

Kwa hiyo anayesema kwamba Mzungu ndiye aliyetuletea mwavuli anakosea. Neno lenyewe ni ushahidi: ndani ya mwavuli umo uvuli. Waliouita hivyo walikuwa wakikimbia jua. (Neno la Kiingereza nalo limetoka Kitaliano, na shina lake ni hilohilo la kivuli.)

Moyo wangu uko upande huu wa pili, lakini siwezi kuishia hapo. Mwavuli wa Malindi haukuwa kitu cha kila siku. Ulikuwa sehemu ya enzi, sawa na siwa na ngoma, na mtu wa kawaida hakuwa na haki nao. Tena vivuli vya Mogadishu vilibebwa na watu wengine, wakipigwa na jua ili sultani asipigwe. Lamu ya karne ya 19 ilikuwa na shiraa, kitambaa kilichowazungushia wanawake wa ukoo mkubwa wakitembea mjini, na miti yake ikashikwa na watumwa. Ni kazi nzuri kwa macho, lakini mimi kila nikiifikiria namwona kwanza yule aliyeshika mti. Kivuli cha mmoja kilikuwa jua la mwingine.

Hapo ndipo Hanway anapostahili heshima yake. Hakubuni chochote, China watu walitembea na miavuli ya karatasi iliyopakwa mafuta karne nyingi kabla yake. Alichofanya ni kuushika mwenyewe, katika mji ambao kuushika mwenyewe kulikuwa kukiri kwamba huna gari. Huo ndio mpaka ninaouona kati ya mwavuli wa enzi na mwavuli wetu: mkono ulioshika mpini ni wa nani.

Yaliyobaki ni kazi ya mafundi. Miavuli ya London ya wakati ule ilikuwa mizito, na ikilowa inazidi. Mwaka 1852 Samuel Fox, mwenye kiwanda cha waya karibu na Sheffield, alitoa njiti za chuma chembamba kilichokunjwa mfano wa mfereji: nyepesi, na hazipindi ovyo. Chukua mwavuli wako upitishe kidole kwenye njiti, huenda mfereji huo bado upo. Kisha ukaja wa kukunja wa Hans Haupt wa Berlin mwaka 1928, na leo viwanda vya China vinatoa miavuli ya bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu.

Wapo wanaolalamika kwamba bei hiyo imeua mwavuli wa maana, ule mweusi mrefu wenye mpini wa mti uliorithiwa kutoka kwa baba. Nawaelewa, kwa sababu mwavuli unaopinduka kwa upepo wa kwanza si rahisi tena: mwenye kipato kidogo anaununua mara mbili au tatu masika moja. Lakini ule wa baba ulikuwa mmoja nyumbani. Baba akiondoka nao, mama alijitanda kanga kichwani na watoto wakakimbia na mfuko wa nailoni. Kati ya mwavuli mmoja imara na mitano dhaifu, nachagua mitano, mradi fundi wa kuitengeneza awepo.

Nami ninaye wangu, mzee anayekaa kando ya kituo cha daladala na kiroba cha miavuli iliyokufa. Mwezi uliopita nilimpelekea wangu ukiwa na njiti mbili zimekatika. Akachagua mmoja kirobani, akachomoa njiti zake, akazifunga kwenye wangu kwa waya mwembamba, ncha za kitambaa akazishona kwa uzi wa viatu.

“Ni mwepesi huu, mwanangu,” akasema. “Upepo ukija, uinamishe unakotokea.”

Akaufungua, akauinua juani, akaingiza kichwa ndani kutafuta matundu. Kisha akanigeuzia mpini.