Picha ya mafuriko hupangwa kabla ya mvua
Makala ninayoijibu hapa inasifu picha za setilaiti zilizosaidia waokoaji baada ya kimbunga Idai kuipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, lakini imeipita haraka mno kazi ya kupanga ipigwe picha gani, na lini. Mawingu yakitanda, setilaiti zinazotegemea mwanga wa jua huona mgongo wa mawingu tu, na mawingu hayaondoki siku ile kimbunga kinapotua. Ndiyo maana picha ya Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, ya 19 Machi, iliyoonyesha nchi kavu magharibi mwa Beira imegeuka ziwa, ilikuwa ya rada, yaani chombo kinachotuma mawimbi yake chenyewe, nayo hupenya mawingu. Katika picha ya namna hiyo maji tulivu hutokea meusi, na bwawa la miaka yote nalo huwa jeusi vilevile, kwa hiyo mchambuzi hulazimika kuilinganisha na picha ya zamani iliyopigwa kutoka njia ileile angani. Kimbunga hutabiriwa siku kadhaa kabla hakijatua (tetemeko la ardhi, bahati mbaya, halibishi hodi), nami sioni sababu ya serikali kungoja watu wapande juu ya mapaa ndipo iombe picha.