Mnaosema "Ongeza Gesi", Njooni Hapa

AC ya gari ikisumbua, Dar nzima ina jibu moja: ongeza gesi. Muulize jirani, gesi. Muulize bodaboda ambaye chombo chake hakina hata dirisha, gesi. Shemeji yangu juzi kaingia, mlango hajaufunga vizuri, tayari kashatoa hukumu: "Shem, hii gesi imeisha." Nikamwambia shemeji, weka mkono hapo kwenye tundu. Ubaridi upo? Upo. Upepo upo? Haupo. Sasa gesi inaingiaje hapo?

Ka-IST kangu, hako ka-Toyota kadogo, ndivyo kalivyokuwa. Unaweka feni namba moja, kimya. Namba mbili, kimya. Ukifika namba nne ndani ya dashibodi kunavuma kwelikweli, ila kwenye matundu inatoka pumzi kama ya mtu anayepuliza chai. Ukibandika uso pale, pua inapoa. Masikio yanabaki Februari.

Na Februari ya hapa mnaijua. Shati unalivaa kavu mlangoni, ukifika kwenye gari limeshalowa. Halafu lipo suala la heshima. Mwenye gari la AC hashushi vioo. Ukishusha pale Ubungo kwenye foleni, kwanza simu yako ni ya vibaka. Pili, daladala limesimama ubavuni, abiria wamebanana wanakutazama kwa juu, na wakiona kioo kiko chini wanajua kumbe mko pamoja. Kwa hiyo unafunga, unatabasamu. Jasho linashuka mgongoni mpaka kwenye mkanda, wenzako nje wanadhani uko Njombe.

Nikaenda kwa fundi. "Fundi, AC yangu inapuliza kidogo mno." Hakujibu, alishafungua boneti na kuchomeka geji zake, ya bluu na nyekundu. "Bosi, gesi iko chini." Fundi, mimi nasema upepo. "Ndiyo bosi, gesi ikiwa chini upepo unakosa nguvu."

Jamani. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yake, haitoki kuja kukupuliza. Ukiona imekufikia usoni, tukimbie wote. Kinachopuliza ni bloa, feni iliyojificha nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Inavuta hewa, inaipitisha kwenye filta, kisha kwenye evapereta, yale mabomba membamba yanayopozwa na gesi, ikapoe, ndipo ikufikie wewe. Njia ikiziba, jaza gesi ya mji mzima, hutapata kitu. Na ukizidisha, kompresa, ile pampu ya gesi, inaelemewa na hata ule ubaridi uliokuwepo unakimbia.

Wakubwa wa dunia walikaa Montreal mwaka 1987 wakaanza kuziondoa gesi za zamani kwa sababu ya tabaka la ozoni. Mwaka 2016 wakakutana hapa jirani tu, Kigali, wakakubaliana kupunguza na hizi za sasa, R134a ikiwemo. Mikutano yote hiyo, mawaziri wote wale, hakuna aliyekumbuka kuweka kifungu cha kumnyang'anya fundi geji mpaka kwanza aguse feni.

Nisiwaonee sana. Kuna gari linaloanza na upepo mzuri, ukifika Magomeni umekata. Hilo evapereta inaganda barafu. Zima AC, acha feni peke yake kwa dakika kadhaa. Upepo ukirudi, hapo kweli gesi pungufu ni mmoja wa washukiwa, pamoja na ile sensa ya ubaridi. Na jirani yangu lake linapuliza namba nne tu, nyingine zote zimekufa. Huyo ni rezista ya bloa, kile kidude kinachopunguza kasi ya feni. Naye wamemwambia gesi.

Langu lilikuwa hoi toka getini. Nikamuuliza fundi, filta je? "Ya oili?" Ya AC. Akacheka. "Bosi, hizo tunatoaga tunatupa, zinazuia upepo." Sasa ukiitupa, vumbi lote la barabara za Goba linakwenda kutua kwenye evapereta, na evapereta ina unyevu muda wote, kwa hiyo unafyatua matofali mle ndani. Kuisafisha mara nyingi ni kushusha dashibodi, na mimi sijawahi kuona dashibodi ya Dar iliyorudishwa na skrubu zake zote.

Nikaondoka na gari langu. Kwenye IST huhitaji hata bisibisi: unatoa makaratasi kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria, unakibana pembeni, kinaning'inia, nyuma yake kuna mfuniko mwembamba. Ukichomoa, filta hiyo. Filta ni neno la heshima tu, lilikuwa shamba. Majani ya mwarobaini yamejaa, maana kazini tunagombania kivuli chake, watu wanaamka alfajiri kuwahi nafasi. Kivuli unakipata, majani yanadondokea chini ya waipa, bloa inayavuta, na jioni huna upepo. Na chini kabisa, chini ya mwarobaini, kulikuwa na vijani vyembamba vikavu vya mti ambao sijauona Temeke wala Kinondoni. Hivyo vilipandia meli huko Japani, na naamini vimelipiwa ushuru pamoja na gari.

Gerezani, dukani, kijana akaniuliza, "Ya Japani au ya China?" Nikatazama, maboksi yote yameandikwa Japani. "Ya Japani ni ile bei kubwa, kaka." Nikachukua ile nyingine. Ina kimshale cha kuonyesha upepo unakoelekea, kifuate.

Kuwasha tu, namba mbili, risiti za mafuta zikaruka mpaka kiti cha nyuma. Jumapili nikaenda kumchukua mama mkwe Mbagala. Shikamoo, marahaba, akakaa, akausogeza mtandio shingoni, akasikiliza ule upepo kwa muda.

"Baba Neema," akasema, "hapa sasa umejaza gesi."

"Ndiyo mama," nikamwambia. "Nimejaza."