Gari la siti mbili, tulikuwa saba

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake, haongei kwa sauti, hacheki ovyo, na tangu nimeoa kwao sijawahi kumsikia akipiga kelele. Siku aliyokuja kupiga, alipigia kwenye taa nyekundu, foleni nzima inatuangalia, na kichwani kwake kuna paka.

Ngoja nianze na gari lakini, maana bila kulielewa gari hamtanielewa.

Ni Alfa Romeo Spider ya 1974, 2000 Veloce, nyekundu, siti mbili, paa la turubai unalikunja nyuma ya viti. Wenzangu utotoni walikuwa wanaota Ferrari, mimi nilikuwa naiota hii, nilikuwa na picha yake imekatwa gazetini mpaka ikawa haionekani matairi. Zilionyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari Geneva, Machi 1966, umbo ni la Pininfarina, kampuni ya Italia ya kuchora maumbo ya magari, na mwanzilishi wake, mzee Battista Pininfarina mwenyewe, akafariki mwezi uliofuata, kwa hiyo ni moja ya kazi za mwisho mwisho kupita mkononi mwake. Za mwanzo zina mkia wa duara, ndo hizo wenye hela wanagombania. Kuanzia 1970 wakaukata ukawa butu, ya kwangu ni hiyo, na utakutana na watu watakwambia kwamba ya duara ndo Spider ya kweli, we waitikie tu ukaendeshe yako. Hizi gari wamezitengeneza mpaka 1993, bodi ileile wanairekebisha rekebisha, sasa niambie gari gani ya starehe inakaa kazini miaka 27.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mpole, gari kaliweka bandani na shuka juu. Na mimi siku hiyo nilikwenda kikamilifu jamani, msije mkasema nilinunua kwa macho. Nilikuwa na sumaku, nikaipitisha kote chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, maana pale ndo kutu linapoanzia na ndo watu wanapokandika bodi fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, wakapiga rangi juu, sumaku ikigoma kushika ujue hapo hakuna bati. Nikafunua mazulia nikagonga sakafu. Nikafungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna povu jeupe, dalili ya maji kuingia kwenye oili, hakuna. Nikaliwasha likiwa baridi, nikaingiza gia ya pili, ikakwaruza, mzee akacheka akasema kijana hizi zote ziko hivyo, subiri oili ya giaboksi ipate moto kwanza, na ni kweli, ilipopata moto ikaingia bila neno.

Paa ndo lilikuwa limekunjwa, na juu yake kile kifuniko cha vifungo. Mzee akaniambia, "Paa halina shida, hilo unalifunga kwa mkono mmoja na hunyanyuki kwenye siti." Hapo pia hakudanganya, paa la Spider linasifika dunia nzima kwa hilo, unageuka, unalivuta, linakuja lote, unabana kwenye kioo cha mbele, umemaliza. Nikalipa, nikaondoka hewa inapuliza kichwani, huku mzee ananipungia mkono, na kama alikuwa anataka kuongeza neno mimi sikulisikia, injini ilikuwa inaongea.

Na hiyo injini, aisee. Cc 1962, aluminiamu tupu, kemshafti mbili juu (zile fimbo zinazofungua vali), kabureta mbili pembeni, ukifika mzunguko wa elfu nne inabadilisha sauti kabisa, inaacha kunguruma inaanza kuimba. Gia tano kwenye gari la miaka ile. Kukaa kwake ni kwa kiitaliano, yaani limetengenezwa kwa mtu mwenye mikono mirefu na miguu mifupi, mimi niko kinyume chake, naendesha magoti yako masikioni na bado natabasamu.

Basi bwana, ikaja siku ya sherehe upande wa ukweni. Mke wangu alikuwa ametangulia tangu jana yake kusaidia, gari la nyumbani likagoma kuwaka asubuhi, na mimi ndo nimepewa kazi ya kumpeleka mama. Kuna gari moja tu limebaki.

Mama akaliangalia. Akaniangalia mimi. "Mkwe, na lile lingine la juu yake liko wapi?"

"Limekunjwa mama. Ni hali ya hewa nzuri, tutapata upepo."

Kuingia kwenye Spider ni rahisi, unajiachia tu unaanguka kwenye siti, kutoka ndo kunahitaji kikao. Mama akaanguka kwa adabu, akakaza kilemba, akabana mkoba magotini, tukaondoka. Njiani watu wanapunga mikono, watoto wanapiga kelele, nikamwona mama kwa jicho la pembeni ameanza kuinua kidevu kidogo kama mgeni rasmi. Nikasema leo nimeshinda.

Wingu lilitokea wapi sijui. Matone ya kwanza yakatukuta tunakaribia taa, taa ikawa nyekundu, nikaona hapahapa ndo pa kuonyesha ufundi wa Waitaliano. Nikamwambia mama usijali, sekunde tano. Nikanyoosha mkono nyuma, nikabandua vifungo viwili, nikashika ile fremu, nikavuta.

Paa likaja nusu, likalia "nyaaaau".

Kilichofuata sikukiona vizuri, ilikuwa ni kitu cha kijivu kimepita sikioni kwangu kikatua kwenye kilemba cha mama kucha zote nje, na hapo ndo mama akapiga ile kelele niliyowaambia. Honi nyuma zinapigwa, taa imeshakuwa ya kijani, mvua inaongezeka, dereva wa lori pembeni yetu amelala juu ya usukani anacheka, na mimi nimeshika fremu ya paa hewani siwezi kuipeleka mbele wala kuirudisha. Nikachungulia kwenye mkunjo wa turubai. Vitoto vinne, macho bado yamefumba, vimelala juu ya kitambaa kimetafunwa vizuri kikawa godoro.

Nikaanza kusema mama naomba nivitoe haraka nifunge paa, mama akanikata. Paka bado yuko kichwani, amemshika mgongo kwa mkono mmoja, ametulia kuliko mimi. "Usiguse hilo turubai. Kuna mzazi humu."

Kwa hiyo paa likabaki nusu. Mama akatoa mwavuli kwenye mkoba, nikashukuru Mungu, akaufungua, akageuka, akauweka nyuma juu ya vitoto. Mimi na yeye tukabaki wazi.

Sasa kwenye gari la wazi kuna siri moja, ukiwa na mwendo wa kutosha hewa inayopanda kwenye kioo cha mbele inarusha mvua juu ya vichwa vyenu na hamlowi sana. Ukipunguza tu, umekwisha. Nikakanyaga. Injini ikaimba, mvua ikaruka juu, tukawa wakavu kiasi, na hapo ndo trafiki akatoka kwenye mti akanyoosha mkono. Nikasimama na maji yote yakatusimamia.

"Mbona umekimbiza gari mvua yote hii?"

"Afande nakimbia ili tusilowe."

"Funga paa."

"Haliwezi kufungwa afande, kuna watoto wachanga."

Akachungulia kwenye siti, hakuna mtoto. Akamwangalia mama, mama ana paka mabegani na mwavuli kageukia nyuma. Akafunga kitabu chake taratibu, akasema nendeni polepole. Polepole! Tulifika sherehe viatu vyangu vinaelea, ikabidi ninyanyue zulia nichomoe kizibo cha mpira sakafuni maji yatoke, ukumbi mzima umejaa mlangoni kushuhudia mashemeji wawili wakinyanyua mama kwenye siti huku yeye anatoa amri vitoto vitangulie kwanza.

Jioni simu ikaita. Yule mzee.

"Kijana, gari linaendaje?"

"Safi mzee, ila kwenye paa..."

"Ahaa! Nilijua tu! Yuko huko? Tunamtafuta tangu uondoke, mke wangu hali vizuri. Kijana mimi nilikuuzia gari, paka hakuwemo kwenye mkataba."

Nikampelekea mama simu azungumze naye. Akasikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa ile sauti yake ya chini kwamba mkataba ameusoma, umeandikwa gari limeuzwa kama lilivyo na vyote vilivyomo, kwa hiyo kama mzee anataka paka aje na hela ya kilemba.

Mzee anakuja kesho. Mama ameshapanga viti sebuleni, na paa nimekatazwa kuligusa.