Kitaya hakuna aliyetuahidi amani

Mimi ni mtu wa Mtwara, mwaka wa tisa huu nipo Akron, Ohio. Jirani yangu ni mzee aliyepigana Vietnam. Namwita babu, na siku hizi anaitika. Juzi tunakwangua theluji mlangoni akanyoosha mkono kuelekea mjini: "Pale ndipo tulipodanganywa."

Ni kweli. Tarehe 21 Oktoba 1964 Rais Lyndon Johnson alikuwa Akron kwenye kampeni, akasema hatawapeleka vijana wa Kimarekani maili 9,000 au 10,000 kutoka kwao wakafanye kazi inayowapasa vijana wa Asia. Akashinda kwa kishindo. Machi 1965 wanajeshi wakashuka Da Nang, Vietnam. Kabla yake Rais Woodrow Wilson alichaguliwa tena 1916, wapigadebe wake wakimsifu kwamba kaiepusha nchi na vita. Aprili 1917 akaiingiza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka huohuo wa 1917, Oktoba, katika vita hiyohiyo, Waingereza na Wajerumani walikuwa wanauana Mahiwa, Lindi, mizigo wamebebeshwa watu wetu. Hao nani aliwaomba kura?

Kwetu mgombea anaahidi bei ya korosho, anaahidi salfa ya kupulizia mikorosho ije mapema, anaahidi lami. Akitudanganya tunajua siku ya mnada. Amani hatuahidiwi, na mimi naona afadhali. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaingia kijiji chetu cha mpakani, Kitaya, wakaua, wakachoma nyumba. Shangazi yangu alilala porini na kuku mmoja kwapani (hadi leo hajui kwa nini alimchukua kuku akaacha viatu). Ukikaa kando ya mto ule huwezi kumwamini mtu anayeikataa vita jukwaani kana kwamba ni mwaliko wa harusi.

Wamarekani wanaamini, kila uchaguzi. Katiba yao imelipatia Bunge mamlaka ya kutangaza vita, lakini mara ya mwisho Bunge hilo kutangaza ilikuwa 1942. Vietnam haikutangazwa. Ningekuwa na kura hapa nisingemuuliza mgombea kama atapigana. Ningemuuliza siku hiyo ikifika atakuja kutuambia nini.

Nikamsimulia babu kuhusu Nyerere, Novemba 1978, baada ya Amin kuivamia Kagera: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nilimtafsiria polepole. Akaegemea koleo lake, akaniomba nirudie ile ya katikati.