Karavani ya likizo: mwaga maji, usitegemee hita

Kila ikifika Oktoba, kabla ya baridi kali, wenye karavani za likizo (vijumba vya magurudumu vinavyoachwa mahali pamoja) katika pwani za Wales na Lincolnshire, Uingereza, huanza kuulizana: tumwage maji yote ya mabomba, au tuache hita inawaka kidogo kidogo mpaka Machi? Msimamo wangu ni mmoja. Mwaga yote.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ndani ya bomba lililojaa hayana pa kwenda, basi kitu lazima kipasuke: kiungo, koki ya bafu, au mbaya zaidi, shaba iliyo ndani ya boila, mtambo wa kupasha maji. Ubaya ni kwamba ufa hauonekani wakati barafu ipo. Barafu ikiyeyuka ndipo maji yanapomwagika, na karavani haina mtu. Unakuja kufungua mlango sakafu imeshavimba.

Wanaotetea hita wanasahau kwamba inapasha hewa ya sebuleni, ilhali mabomba mengi yamepita chini ya sakafu, kwenye upepo. Umeme ukikatika usiku mmoja tu, habari imekwisha. Na kama unatumia gesi ya butani, ikikaribia nyuzi 0 haigeuki tena kuwa mvuke, kwa hiyo hita inazimika usiku ule ule unaoihitaji. Propani inavumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini mtungi nao huisha, na nani atakuja kuubadilisha Januari?

Kumwaga nako kuna namna yake. Funga koki kuu, zima boila, kisha fungua koki zote, za moto na za baridi. Zile za mkono mmoja, uache mkono katikati, la sivyo upande mmoja unabaki na maji. Mpira wa bafu ushushe ulale chini. Halafu ingia uvunguni utafute valvu za kumwagia. Mara nyingi ni zaidi ya moja, kwa sababu bomba linapolegea na kubonyea maji hutuama. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaona koki za ndani zimekauka, wanaondoka. Puliza kwa kompresa mpaka itoke hewa tupu. Boila nayo ina valvu yake. Vuta maji ya choo, kisha mimina kwenye choo na matundu ya sinki dawa ya kuzuia kuganda isiyo na sumu, ile ya karavani. Tafadhali usitumie kulanti ya gari, ile ya rejeta; nyingi ni sumu kali, hata kwa paka na mbwa.

Ukimlipa fundi, mwombe karatasi ya kuthibitisha kazi. Kampuni nyingi za bima hutaka ushahidi, na tarehe za kuwa umeshamwaga maji zimeandikwa kwenye mkataba. Zisome.

Ninachowasihi zaidi ni msirudishe maji mapema. Februari 2021, Braemar huko Scotland ilishuka hadi nyuzi 23 chini ya sifuri. Mwaka 2018 baridi kali ya kutoka mashariki iliingia mwishoni mwa Februari ikaendelea Machi, watu wakidhani yamekwisha. Subiri utabiri utulie. Siku ya kurudisha, funga koki zote, fungua ile kuu polepole, na mtu mwingine awe ndani akisikiliza.