Mwanaume wa Goma haumwi mawazo, anaumwa tumbo

Juzi asubuhi nilikuwa nimechuchumaa kando ya ukuta wa mawe nyuma ya nyumba yetu, huku Ndosho, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, nachuma majani. Kijana mmoja wa motari, pikipiki ya abiria, akapunguza mwendo, akaniuliza: "Papa, unachumia sungura?" Nikamjibu ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza kwamba sungura mwenyewe ni mimi.

Mmea wenyewe mnaujua. Kama hamuujui kwa jina, soksi zenu zinaujua. Ni ule wenye ua dogo, katikati njano, pembeni vipande vichache vyeupe, mara nyingine hata hivyo vyeupe havipo. Ukishazeeka unatoa sindano nyeusi zenye meno zinazong'ang'ania suruali, kaptula, nywele za mbuzi na kila kinachopita. Waswahili wa pwani wanauita kishona nguo. Sisi tuliolelewa na watu wa Rutshuru, kaskazini mwa Goma, tunasema inyabarasanya. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika kitabuni mwaka 1753 kwa jina la Bidens pilosa, na hiyo bidens maana yake meno mawili. Mmoja tu unaweza kutoa mbegu elfu tatu hadi elfu sita, ndiyo maana hakuna anayeupanda na hakuna anayeukosa. Hapa kwetu, penye udongo kiasi cha kiganja kati ya mawe meusi ya volkano, unaota.

Kuna watu wakiuzungumzia wanavuta pumzi na kusema "dawa ya mababu". Mimi hucheka kidogo. Asili yake ni Amerika ya joto, kama mahindi, mihogo na maharage. Ulivuka bahari na mizigo ya watu wengine, ukafika, ukajishikiza kwenye nguo, ukabaki. Kwa maneno mengine ni mkimbizi kama nusu ya mji huu. Ninachowavulia kofia mababu ni kwamba walipokutana nao waliujaribu upesi, wakajua wa nini.

Kazi ya kwanza waliyoipata ni ya damu. Mtoto wa Goma hakui bila kuchubuka, mawe yetu yanakata kama chupa. Nilikuwa darasa la tano nilipoanguka na chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, kwenye mteremko, goti likafunguka. Mama mdogo alikata majani machanga, akayaosha, akayafikicha viganjani mpaka maji ya kijani yakatoka, akayakandamiza kwenye jeraha. Yaliwasha sana. Damu ikasimama. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba majani yale yana tanini, inayokaza nyama na kubana, na vitu vingine vinavyoua vijidudu, nikaona sawa, mama mdogo alikuwa anajua kwa vidole. Lakini aliniosha goti kwanza kwa maji na sabuni, na kesho yake alinipeleka kuchomwa sindano, kwa sababu jani halizuii pepopunda. Sehemu hiyo ya sindano watu wengi wanaoisifu dawa ya kienyeji huwa wanaisahau wanaposimulia.

Ni mboga pia. Yale ya nchani, kabla ya maua, unachemsha na chumvi, unamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, halafu kitunguu na mawese. Si sombe, yaani majani ya muhogo, tusidanganyane. Mwaka ambao bei za sokoni zinapanda utayakumbuka.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya goti.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipasuka. Mliokuwapo mnaikumbuka ile mbingu nyekundu. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame, na sisi tukaingia kwenye ule mto wa watu uliokuwa ukielekea Sake, magodoro kichwani. Ardhi ilikuwa haitulii, usiku na mchana inatikisika. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, na sote tulikuwa hai. Kila mtu alituambia tumshukuru Mungu, tukamshukuru.

Mimi nikaanza kuumwa tumbo.

Lilianza kila jioni mwanga ukipungua. Linakaza, linapanda hadi kifuani, moyo unapiga, usingizi hauji. Nilikwenda farmasi mara tatu. Mara ya kwanza nikapewa dawa ya vidonda vya tumbo, mara ya pili ya minyoo, mara ya tatu vidonge vya rangi mbili ambavyo sikujua vya nini. Sikumwambia yeyote kwamba ninaogopa giza. Mwanaume wa Goma haumwi mawazo. Mawazo ni ya wanawake, na ihahamuka, lile neno ambalo jirani zetu wa Rwanda wanalitumia kwa jeraha la vita ndani ya mtu, ni la wale walioona makubwa kutuzidi. Sisi tunaumwa tumbo. Kaeni kwenye benchi la farmasi yoyote ya hapa mjini saa kumi na moja jioni mhesabu matumbo ya wanaume.

Mama mdogo alikuja kutusalimia akaniona nimeshika kitovu. Hakuniuliza nimepatwa na nini. Aliniuliza, "Mwanangu, tumbo hili lilianza lini?" Nikasema mwezi wa sita. Akasema, "Nenda kachume inyabarasanya. Nenda wewe, usimtume mtoto. Uchume kabla umande haujakauka, na usichume njiani."

Nikaona aibu, mtu mzima na kijikapu. Lakini nilichuma. Jioni akawasha mbabula, lile jiko la makaa, akachemsha maji, akatia majani machache na kipande cha tangawizi, akafunika. Ni machungu, yana harufu ya majani yaliyokatwa mvua ikikaribia. Akaketi kwenye kigoda upande wa pili, na yeye ana kikombe chake. Akaongea habari za shamba lake, za mbuzi aliyevunjika mguu, za mtu aliyemdai. Jioni ya pili vilevile. Nadhani ilikuwa ya nne au ya tano nilipojisikia nasema kitu ambacho sikuwa nimepanga kukisema: kwamba usiku ule wa Nyiragongo, nilipotoka mbio ndani ya nyumba, mikononi nilikuwa na televisheni. Mtoto wetu mdogo alibebwa na mama yake. Mimi nilibeba televisheni.

Mama mdogo hakusema pole. Alinyamaza, akanywa, akasema, "Na sasa hiyo televisheni inawaka?" Nikasema inawaka. Tukacheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Najua dokta mmoja rafiki yangu atasema nini akisoma hapa, kwa sababu ameshaniambia: "Basi kilichokuponya ni maongezi. Majani yalikuwa ya bure." Namjibu hivi. Kwanza, kitu cha moto na kichungu kwenye tumbo lililokaza kinafanya kazi yake, hata kama ni ndogo. Pili, na hili ndilo ambalo madokta wetu hawalioni, bila majani nisingekaa. Ungeniita kwenye kiti nieleze hisia zangu ningekumbuka ghafla nina safari ya Sake. Kikombe kilinipa sababu ya kuketi bila kuungama kwamba nimekuja kuketi. Kuchuma kulinitoa kitandani asubuhi na kuniinamisha chini nikitazama kitu kidogo, kwa nusu saa nzima bila kutazama mlima. Dawa ya mwili ilibeba dawa ya moyo mgongoni, kimyakimya, kama mtoto ndani ya kitenge. Ukimnyang'anya mtu wa aina yangu ile ya mwili kwa sababu haijathibitishwa, umemnyang'anya zote mbili.

Halafu huyo dokta asisahau neno analolitumia mwenyewe kila siku. Kwetu kidonge chochote ni kinini, hata cha kichwa. Na kinini ni kwinini, inayotoka kwenye gome la mti, mti ambao umepandwa kwenye milima hiihii ya Kivu na gome lake likageuzwa dawa pale Bukavu, kwenye kiwanda cha Pharmakina. Mama Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye artemisia, mmea wa ukoo mmoja na kishona nguo chetu. Kudharau majani ukiwa na vidonge hivyo mfukoni ni kumdharau mjomba aliyekulipia shule.

Ila wanaonikera zaidi si madokta.

Mwaka jana nilipita mtaa wa Birere, hapahapa Goma, nikamkuta kijana na kipaza sauti, amepanga chupa za maji ya kijani. Dola tano. Ya inyabarasanya, anasema, imechanganywa na siri: presha, sukari, ugumba, mgongo, mapepo, na "mawazo ya kupita kiasi". Nilinunua, sitaki kujifanya mjanja. Niliharisha siku mbili. Lakini hata ningepona mgongo ningekuwa na malalamiko yaleyale: hakuniuliza chochote. Alipokea hela kabla sijafungua mdomo. Mmea unaoota bure nyuma ya kila choo cha mji huu ameutia kwenye chupa, akaondoa kuchuma, akaondoa mbabula, akaondoa mtu wa upande wa pili wa kikombe, akaniuzia kilichobaki. Kilichobaki ni maji machungu.

Na chupa hizo zinaua, tuseme wazi. Watafiti wa Brazil miaka ya 1990 waliona kwamba mmea huu unadhuru vimelea vya malaria kwenye maabara, na wauzaji wameigeuza habari hiyo kuwa wimbo. Kuua kimelea kwenye kichupa cha maabara si kumponya mtoto wa miaka mitatu mwenye homa. Hata ile artemisia, ambayo dawa yake inajulikana, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba halikubaliani na kuitumia kama chai kwa malaria, kwa sababu kipimo kinayumba. Mtoto akichemka apimwe damu, anywe dawa ya malaria amalize. Akiharisha maji kama ya mchele, huo ni wakati wa kipindupindu, na Goma tunakijua: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, aanze kunywa huku mkimkimbiza kituo cha matibabu. Mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza dawa zake asijiongezee vikombe vya majani haya kimyakimya, kwa sababu yameonekana kushusha sukari kwa wanyama wa maabara, na mbili zikishuka pamoja mtu anaanguka. Mjamzito aulize kwanza.

Lile la mama mdogo la kutochuma njiani nililiona kama kisirani cha wazee, mpaka niliposoma kwamba kishona nguo ni hodari wa kunyonya madini mabaya ardhini, kadimi hasa, na kuyaweka kwenye majani. Mitaro ya Birere, kando ya magaraji, kwenye jalala, hapo mmea unanawiri kuliko penginepo. Unavutia, majani mapana. Uache.

Na upande wa moyo pia una mpaka. Kuna jirani ambaye chai haikumtosha, alikuwa hali, anasikia watu wanaomwita. Hapo usichemshe kitu. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu na Bukavu kuna cha SOSAME, na watu wanaopelekwa huko si vichaa kama tunavyonong'ona, ni wagonjwa wanaotibiwa. Sisi wanaume tunaona aibu kupita hata mbele ya lango. Ningependa siku moja pale langoni pawe na mbabula na vikombe, tuseme tumekuja kwa ajili ya tumbo.

Nilichokuwa nachuma juzi hakikuwa cha kwangu peke yangu. Shemeji yangu alikuja Jumapili. Tangu ile Januari ya 2025, risasi zilipoingia mjini, amekonda, anavuta sigara mbilimbili, na akiketi anaketi akitazama mlango. Tulikula, tukaongea mpira. Alipokuwa anaaga akashika mkanda wake akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba siku hizi tumbo linamsumbua kidogo, hasa jioni.

Nikamuuliza, "Shemeji, lilianza lini?"

Akatazama chini. Nikamwambia arudi juzi asubuhi na mapema, avae suruali ya zamani. Alikuja na viatu vyake vya kanisani. Tukachuma wote, na yule wa motari alipouliza habari za sungura, shemeji alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone. Jioni bado alikuwa kwangu, kikombe cha pili, anachomoa sindano nyeusi kwenye soksi moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye ukingo wa mbabula. Hajasema kitu bado. Nimemsimulia habari za televisheni.