Kufuli imara pekee halitoshi
Makala kuhusu kuzuia wizi wa baiskeli inahimiza kununua kufuli imara, lakini haigusi namna ya kulifunga, na hapo ndipo wengi hupoteza baiskeli zao. Kufuli la chuma lenye umbo la U lipitishwe kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, likamate nguzo iliyochimbiwa ardhini, wala lisiachwe kulala chini, kwa kuwa mwizi hulipiga nyundo huku sakafu ikiwa fuawe yake. Nafasi inayobaki ndani yake iwe finyu, mtaimbo usipate pa kupenya. Nyumbani nako, stoo ambayo skrubu za komeo lake zinaonekana kwa nje (na nyingi ziko hivyo) haimzuii mtu mwenye bisibisi. Baiskeli ifungwe hata humo ndani, na namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini karibu na pedeli, inakiliwe mapema, kabla polisi hawajaiulizia.